Niliumia enka, mfupa ukavunjikia chini ya goti: heshima ya mama mkwe ilivyoniokoa

Wakuu, habari za muda huu.

Nilikanyaga vibaya, enka ikavimba, lakini mfupa uliovunjika ulikuwa huku juu, karibu na goti. Na aliyeuokoa mguu wangu ni mama mkwe, kwa kukataa kuugusa.

Najua kuna watakaosema hii ni chai. Picha za eksirei ninazo kabatini, kwa hiyo vumilieni nianze mwanzo.

Mimi ni fundi wa makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Kazi iko pembeni ya Runzewe, familia iko Kambarage, Shinyanga mjini.

Siku hiyo nilikuwa nashuka kwenye karasha, spana mkononi. Unyayo wa kulia ukanasa katikati ya mawe mawili. Unyayo ukabaki, mwili ukazunguka.

Nikasikia "ka!" Nikakaa chini bila kupenda.

Shija, mwenzangu wa kazi, alianza kwa kucheka. "Fundi, karasha umeliacha zima, umejiharibu mwenyewe?"

Alipoona enka inavyovimba akachuchumaa mbele yangu. Kisha akakunja mikono ya shati. "Hiyo imeteguka tu. Lala nikuvute."

Machimboni kila mtu ni daktari wa enka. Nilimkatalia kwa sababu ya maumivu, si kwa sababu ya akili.

Kituo cha afya cha jirani wakapiga picha ya enka peke yake, maana ndiko nilikoonyesha. Ufa haukuonekana. Nikapewa dawa na bandeji, nikaambiwa nisipopata nafuu nirudi. Neno "haujavunjika" nililibeba hadi nyumbani. Hilo la kurudi nililiacha pale pale mlangoni.

Nafuu haikuja. Nikikanyaga, naona kama mguu unataka kufunguka.

Sasa wakuu, mama mkwe wangu anaishi Samuye, na ndiye mchuaji anayeaminika ukanda ule. Watu wanampelekea mabega, viuno, watoto walioanguka kwenye baiskeli. Mke wangu, Mama Kulwa, akaamua: twende kwa mama.

Kwa msio wa huku: ukweni kwangu ni Wasukuma wanaoshika mila. Mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hatupeani mkono, hatukai mkeka mmoja. Mimi nikajipa moyo kwamba kwa mgonjwa watalegeza.

Nilifika nimeshikiliwa, nikakalishwa uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba," akajibu, macho yake yakiwa kwenye zizi la ng'ombe.

Mke wangu akafungua bandeji. "Mama, mguu wenyewe huu. Mchue."

"Nimchue nani?"

"Baba Kulwa."

"Wewe mtoto una wazimu? Nishike mguu wa mkwe wangu, kesho tutasalimianaje?"

"Basi tumfunike shuka, ujifanye humjui."

"Shuka litafunika na ukwe? Mwambie mumeo aende hospitali ya mjini."

Mimi nipo hapo hapo, nasikia kila neno, lakini lazima niambiwe kupitia kwa mke. Niliondoka nimenuna. Wageni wote wanachuliwa, mimi niliyeoa hapo nafukuzwa!

Mjini daktari hakuishia kwenye enka. Vidole vyake vilipanda taratibu upande wa nje wa mguu, na vilipofika chini ya goti niliruka kitandani.

"Huku kunauma tangu lini?"

"Hata sikujua kama kunauma."

Akaagiza picha ya kuanzia goti mpaka unyayo. Na mfupa ukaonekana, umekatika huko juu.

Alinieleza, nami nawaeleza kifundi. Chini ya goti kuna mifupa miwili: muundi ulio mnene, na mwenzake mwembamba wa upande wa nje. Shika enka yako sasa hivi. Hizo nundu mbili za pembeni ndizo ncha za mifupa hiyo.

Katikati ya ncha hizo, juu ya kisigino, umekaa mfupa wa tatu unaobeba uzito wote. Umebanwa kama nati kwenye taya za spana. Kinachozuia taya zisiachane ni kano zinazofunga ile mifupa miwili.

Unyayo uliponaswa na mwili ukazunguka, ile nati iligeuka ikapanua taya. Kano zikachanika, nguvu ikapanda na mguu, ikaenda kuukata mfupa mwembamba karibu na goti.

Nikamuuliza: ningechuliwa na kuvutwa?

"Taya zingezidi kuachana. Na wewe si fundi? Mashine iliyokaa upande inakuwaje?"

Inajila, wakuu. Inajila yenyewe mpaka inakwisha. Na fundi asiyeweza kusimama hana kazi.

Mama Kulwa, aliyenisindikiza, aliniangalia, nikamwangalia, tukakumbuka lile shuka la kunifunika, tukaanza kucheka mpaka nesi akaja kutunyamazisha.

Nilifanyiwa upasuaji, ikapitishwa skrubu kuirudisha mifupa miwili pamoja. Likafuata hogo, lile plasta gumu la mguuni, kisha magongo, na mazoezi ya kunitoa machozi. Leo natembea, nashuka karasha kwa adabu. Shija hachoki kutangaza: "Msimguse fundi, kafungwa bolti!"

Tulirudi Samuye. Mama mkwe alitoka nje, akatazama nyayo zangu muda mrefu.

"Mwambie mumeo anatembea vizuri."

"Mwambie mama, wabeja sana," nikashukuru kwa Kisukuma.

Nikaona anatabasamu, akiliangalia zizi.

Nililojifunza: enka ikigoma kupona, usikubali mtu aivute kabla haijajulikana ina nini. Na ukifika hospitali, onyesha mguu kuanzia goti. Mimi nilionyesha panapouma tu.

Limebaki moja, na hapa nahitaji wenye uzoefu. Daktari aliyenipasua anataka skrubu itolewe, anasema inaweza kukatikia humo humo. Mwingine niliyemwona baadaye anasema kama haisumbui, iachwe. Mliowahi kufungwa kama mimi, mlitoa au mliacha? Mkaonaje?

Hainiumi. Lakini kila nikishuka karasha najua imo, na hadi naandika hapa sijaamua.