Insha ya Mtoto wa Kiambere

Siku ya wazazi katika shule moja ya msingi hapa Meru mjini, nilipiga foleni nyuma ya mama mmoja. Mwalimu akamwonyesha insha ya bintiye, "Nyumbani Kwetu": alama nane kwa arobaini.

"Mama, huyu anaishi hapa mtaani Kaaga, lakini ameandika ati kwao ni chini ya maji."

"Ni ukweli, mwalimu. Sisi ni watu wa Kiambere. Bwawa la umeme lilifunika boma letu kabla azaliwe." Akaisoma polepole, kidole kikifuata mstari. "Kosa ni moja tu. Mlango haukuangalia mto. Uliangalia jua likitoka."

Mwalimu akachukua kalamu nyekundu, akasahihisha mlango. Nane ikabaki nane.

Zamu yangu ilipofika, nilisahau kuuliza wangu amekuwa namba ngapi.