Sakafu ya Masara

Majuzi niliingia hoteli moja ya mabati huko Masara, kwenye machimbo ya dhahabu, nikakanyaga sakafu kwa nguvu ili kukung'uta vumbi viatuni. Mama mwenye hoteli akaacha mwiko ndani ya sufuria, akapiga magoti, akaweka sikio chini.

"Umewaita, mzee," akaniambia polepole. "Tukigonga hivyo, wanajua shimo inaanguka."

"Kina nani?"

"Bwana yangu na wenzake. Wako hapo chini yako."

Nyuma ya jikoni, kwenye mdomo wa shimo, wanaume wakaibuka mmoja mmoja, weupe kwa vumbi, wakipepesa macho kama watu waliotolewa ndotoni. Mama akawatazama mpaka akamwona wa mwisho, mumewe, ndipo akapumua.

"Kaeni mkule," akasema. "Ni huyu mgeni tu."

Wakala wakinicheka, wakashuka tena. Nikimalizia chai, nilihisi chini ya nyayo zangu jiwe likigongwa taratibu, kama mtu anayebisha hodi bila haraka.

Siku hizi nikifika kwangu Rangwe, navua viatu mlangoni. Mke wangu anadhani hatimaye nimestaarabika.