Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Nilikuwa mwepesi wa hesabu, na wepesi huo ndio ulioniponza. Mwalimu Mkuu akishaandika ubaoni, mimi nilimaliza huku wenzangu wangali wanapangusa sleti zao, kisha nikaanza kuwachokoza walioketi karibu yangu. Mwanzoni mwa darasa la nne, mwalimu wa kike wa darasa la kwanza alikwenda kujifungua, na hakuletwa mwingine. Mwalimu Mkuu akaniita mezani kwake.

"Wewe akili yako imezidi hapa," akasema. "Nenda kawasomeshe wale wadogo."

Hivyo ndivyo skuli yetu ilivyomtambua mtoto mwenye akili: ilimtoa darasani.

Nyumbani kwetu, Makorora, ikawa furaha tupu. Baba alikuwa fundi wa kushona kanzu. Hakuwahi kukanyaga skuli, lakini chuo cha Kurani alikisoma barabara. Chuoni, mtoto aliyetangulia ndiye anayewasomesha walio nyuma, na akishakabidhiwa wadogo, wazazi hujua kwamba anakaribia kuhitimu. Basi baba akaona binti yake kashavuka. Alimshonea Mwalimu Mkuu kanzu. Mama akapika mkate wa kumimina, akaupeleka mwenyewe. Shangazi yangu, kwa utani wake, akaniamkia shikamoo mbele za watu, nami nikaitikia marahaba kwa maringo.

Niliipenda kazi ile, sitasema uongo. Niliwashika watoto vidole, nikawaonesha namna ya kuzungusha herufi. Binti wa jirani yetu muuza samaki alikuwa akiiandika tatu kinyume, kisha analia. Nilimbembeleza mpaka akaiweza. Lakini ng'ambo ya ukuta niliwasikia wenzangu wakiitikia kwa pamoja hesabu za sehemu, nusu na robo na thumni, wakizijumlisha na kuzigawanya, na mimi sikuelewa kitu. Mtihani wa mwisho wa darasa la nne, wa kwenda skuli ya kati, ulikuwa unakaribia. Nikamwambia baba nataka kurudi kusoma.

"Mwanangu, aliyefika kusomesha arudi kusoma nini tena?" akaniuliza, na aliuliza kwa dhati. "Usimvunjie heshima mwalimu wako."

Nikamwendea Mwalimu Mkuu. Alicheka.

"Wewe? Wewe utafaulu hata ukiwa usingizini. Rudi kwa watoto wako."

Siku ya mtihani nilifungua karatasi nikakuta sehemu zimejaa tele. Nilizitazama mpaka macho yakauma. Wenzangu, hata wale niliozoea kuwacheka, walikuwa wameinama wanaandika. Nilibahatisha nilizoweza, na kabla sijatoka chumbani nilijua kwamba nimekwisha.

Majina yaliposomwa na langu likakosekana, baba alivaa kanzu yake ya Ijumaa, akanishika mkono hadi skuli.

"Mwalimu, hapa pana makosa. Huyu si ndiye aliyekuwa akisomesha?"

Mwalimu Mkuu alitazama sakafu. "Nafasi zenyewe chache, mzee wangu. Na kurudia darasa haturuhusiwi."

Baba akanishika tena mkono, tukarudi nyumbani. Yeye sikumlaumu, maana alifuata alichokijua. Mwalimu Mkuu nilimchukia, na ingawa alishakufa, namchukia hadi leo.

Nikakaa nyumbani, nikafunzwa kutia darizi shingoni mwa kanzu za watu. Majirani waliendelea kuniita mwalimu, kwanza kwa mazoea, baadaye kwa huruma. Hii ya pili iliniuma zaidi.

Miaka ikapita. Asubuhi moja yule binti wa muuza samaki alisimama mlangoni na sanduku la bati, mama yake nyuma, na motokaa ikiwasubiri barabarani. Amefaulu, anakwenda skuli ya bweni.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. "Nimekuja kukuaga."

Nilitaka kumwambia akae kidogo anioneshe hesabu za sehemu. Nikaona haya. Nikaitikia marahaba.