Kisiwa cha Mto Ruaha Ambacho Hatukukichoma

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika boma la Iringa nimevaa viatu vya kuazima, na Sajini Mgongolwa akaniambia nivivue, nyayo zangu ziijue ardhi. Ilikuwa miaka ya hamsini, serikali ikitafuta maskauti wa nyama. Ndivyo tulivyoitwa sisi askari wa kulinda wanyama wa porini. Sajini alikuwa Mhehe wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini. Alinipeleka nyuma ya stoo, akanionyesha mchanga.

"Nani amepita hapa?"

Nikatazama. "Mtu, Sajini."

"Mtu gani?"

Sikujua. Akachuchumaa, akanieleza kwamba ni mwanamke, amebeba mzigo mzito kichwani, na amepita alfajiri kabla umande haujakauka. Saa nne yule mama akarudi kutoka sokoni na tenga tupu, miguu ni ile ile. Tangu siku hiyo nilimwamini Sajini.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa mbele ya Idodi, ukingoni mwa Mto Ruaha. Katikati ya mto palikuwa na kisiwa kirefu chenye mikuyu mikubwa na matete yaliyofungamana. Viboko walizalia pale. Korongo walijenga viota juu ya mikuyu mpaka matawi yakawa meupe kwa vinyesi vyao. Kiangazi, maji yakipungua, kundi la tembo majike na watoto wao lilivuka kwenda kushinda kivulini. Kazi yetu, skauti watatu na Sajini, ilikuwa kuzuia watu wasikate miti ya kisiwa kile wala wasitege mitego ya waya.

Mwaka wangu wa pili mvua zilikatika mapema, na tembo wakaanza kuingia mashambani. Aliyeumia zaidi alikuwa Mama Agata, mjane aliyelima karibu kabisa na mto. Alikuja kambini na bua la mahindi lililong'olewa na mizizi yake.

"Kamwene, mama," Sajini akamsalimu.

"Sina salamu leo. Nyinyi mnalinda tembo. Mimi na wanangu anatulinda nani?"

Sajini hakumbishia. Alilipokea lile bua kwa mikono miwili, akamwambia, "Umesema kweli, mama. Nipe siku chache."

Lakini malalamiko yalikwisha fika Iringa kwa Bwana Nyama, Mzungu aliyekuwa mkuu wetu jimboni. Tarishi akaleta barua yenye amri: choma matete ya kisiwa, na tembo watakaotoka wapigwe risasi. Sajini aliisoma, akaikunja, akamwambia tarishi, "Mwambie Bwana namwomba aje aone kwa macho yake kwanza. Nitawasha moto akiwa amesimama hapa."

Tarishi alipoondoka nikamwambia, "Sajini, watakufukuza."

"Wakinifukuza nitalima. Matete yale ndiyo yanashika udongo. Yakiungua, mvua za kwanza zitakichukua kisiwa chote. Nani atakirudisha?"

Tulianza kazi asubuhi ile ile. Sajini alikuwa na kamba ya katani. Ukizungusha kamba kwenye unyayo wa mbele wa tembo, ukairudia mara mbili, unapata kimo chake mpaka begani. Tulipima nyayo shambani kwa Mama Agata, tukafunga fundo. Tukavuka mto, maji yakitufika kiunoni, tukapima nyayo za kisiwani, tukafunga mafundo mengine. Hakuna hata moja la kisiwani lililolikaribia lile la shambani. Siku ya tatu tulifuata nyayo za mwizi wetu kutoka shambani hadi vilima vikavu, mbali kabisa na mto. Alikuwa dume mmoja, mkubwa sana, mwenye ufa kwenye kisigino cha nyuma, na kila safari alikuja peke yake.

Bwana Nyama alifika siku ya tano, amekasirika, uso umewiva kwa jua.

"Sajini, amri yangu uliielewa?"

"Niliielewa, Bwana."

"Kwa nini sioni moshi?"

Sajini akampa kamba. Akamweleza fundo kwa fundo, bila haraka, kama alivyonieleza mimi mchanga wa Iringa. Sisi wengine tulisimama wima. Yule Mzungu alipiga magoti shambani akapima mwenyewe. Kisha akaingia mtoni na buti zake hadi kisiwani. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa amelowa mpaka kiunoni.

"Kuna ndama kule hajatimiza hata mwezi," alisema. Akamtazama Sajini. "Amri yangu ilikuwa ya kijinga."

"Ilikuwa ya haraka tu, Bwana."

Lile dume tulilipata kesho yake mchana. Sajini alilipiga risasi moja, nyuma ya sikio, likaanguka pale pale. Alivua kofia, akakaa chini kando yake. Nyama iligawiwa kijiji kizima, akianza Mama Agata, na mashamba ya ukingoni hayakuguswa tena mpaka mavuno.

Baada ya Idodi nilihamishiwa Chunya, kwenye vumbi na wachimba dhahabu waliotega wanyama ili wapate kitoweo, halafu Mbeya, ambako nami nilipandishwa kuwa sajini. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, Wazungu kwa Waafrika, wengine wasomi kweli kweli. Sikupata kumwona mwingine kama Mgongolwa, aliyeweza kukataa amri bila kumdharau aliyeitoa. Nilijaribu kumwiga. Mara nyingine niliweza, mara nyingine niliogopa nikanyamaza, na zile nilizonyamaza bado zinaniuma.

Siku ya kustaafu, pale Mbeya, nilirudisha vifaa vya serikali. Karani wa ghala, kijana mwenye adabu, aliipokea bunduki yangu akaigeuza geuza, akastaajabu kitako kilivyolika kwa kushikwa.

"Mzee, hii utaikumbuka sana," akasema.

"Hiyo niliibeba tu, mwanangu," nikamjibu. "Kazi niliifanya kwa miguu."