Jogoo wa harusi na chupa ya mawese

Jamani, mume wangu amemtoa jogoo wetu wa harusi kuwa zawadi darasani.

Jogoo yule yule ambaye mama yangu alimkabidhi mkwewe mikononi. Na mama anakuja Jumapili.

Mwalimu wangu (bado natabasamu nikiandika "wangu") anafundisha kani na mwendo. Makundi ya wanafunzi yameunda vigari vya magurudumu ya kandambili, vya kuteremka kwenye ubao ulioinamishwa na kukimbia uwanjani. Akawaambia, "Kigari kikifika kwenye mlingoti wa bendera, kundi lake linachukua jogoo wangu." Alikuwa na uhakika msuguano utavisimamisha vyote njiani.

Kigari cha Asteria na wenzake kikaupita mlingoti.

"Mmefanyaje?"

"Tumepaka mawese kwenye vijiti vya magurudumu, Mwalimu. Mama alitupa asubuhi."

Mama ndiye mimi. Walikuja mlangoni na shikamoo tamu, wakaomba mafuta kidogo, nikawapa chupa nzima. Nani angekataa, akiitwa mama kwa mara ya kwanza?

Amerudi mpole kabisa. "Mke wangu, umenimaliza."

"Mimi? Nani kagawa jogoo wa mkwe?"

Sasa ametoka na baiskeli kwenda Mlabani kutafuta jogoo mwingine mwekundu. Semeni ukweli, mama atamtambua?

Mnyororo wa baiskeli unalia, namsikia mpenzi wangu mpaka njia panda. Nilitaka aupake mafuta kwanza, ila chupa iko kwa Asteria.