Jiwe Ndani ya Spika

Gervas alikuwa mtu wa kutema mate. Hakuwa mgonjwa wala hakutafuna tumbaku. Alitema kwa sababu alikuwa na maoni. Chai ikinuka moshi, alitema. Kwaya ikipotoka sauti, alitoka kanisani kwa heshima zote, akatema nyuma ya ukuta, akarudi kukaa. Pale Chiwata watu walikwisha kumzoea, na mkewe Dorika alikwisha kukata tamaa. Alikuwa akimwambia tu, "Baba Ida, basi angalau usiteme upande wa kuku wangu."

Tabia hiyo aliitoa kazini. Kwa miaka kumi na saba alikuwa mpima ubora wa korosho katika chama cha ushirika. Gunia likiletwa, alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akachota korosho za katikati na za chini kabisa, akazipasua kwa kisu moja baada ya nyingine, akatazama ndani, kisha akahukumu: daraja la kwanza, au daraja la pili, ambalo wakulima waliliita andagredi kwa sauti ya mtu anayetaja msiba. Korosho za juu ya gunia hakuzitazama hata kidogo. "Juu ya gunia ni mahubiri," alikuwa akisema. "Dhambi ziko chini." Na huko chini alizikuta kweli: mchanga, korosho zilizoota ukungu, mabibo yaliyooza yakavuja na kunata vidoleni, na mara nyingine jiwe zima la kuongezea uzito. Hapo alitema mbali sana, na mwenye gunia akainamisha kichwa.

Kwa hiyo neno lake lilikuwa na uzito. Mama Mwanasha, mjane mwenye mikorosho themanini nyuma ya shule, hakubishana naye hata siku moja. Wengine walilia, walitukana, walitishia kwenda wilayani. Yeye alijifunga kanga yake sawasawa na kusema, "Akisema Baba Ida ni ya pili, basi ni ya pili," akaenda zake.

Kitu kingine alichokijua Gervas ni gitaa la solo. Chama kilikuwa na bendi, na bendi ilikuwa na amplifaya kuukuu ya balbu, iliyotaka wanaume wawili kuipandisha kwenye lori. Kwa amplifaya hiyo walipiga Newala alikozaliwa, ukungu umefunika uwanja na watu wanacheza na makoti. Walipiga Tandahimba, walipiga Lukuledi siku ya sikukuu ya parokia. Kisha ikaja ruhusa ya kila mwenye fedha kununua korosho, chama kikaanguka, na mali zake zikanadiwa: mizani, meza, lori, na amplifaya. Mwaka uliofuata Gervas aliikuta amplifaya ile sokoni Masasi. Ilikuwa imetolewa matumbo, imewekewa kioo mbele, na ndani yake muuza chai amepanga maandazi, nzi wanatembea juu yake kwa raha zao. Alitema mpaka watu wakamuuliza kama amemeza kitu.

Tangu siku hiyo miaka miwili ilipita gitaa lake likining'inia ukutani. Gitaa la umeme lisilo na amplifaya halisikiki ila na mpigaji mwenyewe. Vidole vilianza kulainika ncha kama vya karani, na Gervas akivitazama alivichukia.

Ndipo Walter alipomwita. Huyu Walter alikuwa katibu wa chama kilekile. Ndiye aliyekuwa akifungua mikutano kwa kunyanyua ngumi, akiwaita wanunuzi binafsi kupe. Msimu huo wa mwaka wa tisini na nne alikuwa mnunuzi binafsi, ana pikapu, ana duka Masasi mjini, na shingo yake imeanza kuingia mabegani. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: anafungua kituo cha kununulia korosho Chiwata, anataka bendi ipige siku hiyo, na amplifaya ataitoa yeye. Gervas aje achague.

Gervas alikwenda na mtani wake Fikirini, mpiga besi, mtu mpole asiyetema kitu.

"Tukumbuke tunatafuta nini," Gervas alimwambia njiani. "Iwe moja tu, maana mbili hatuzipati. Harusini na kanisani itoe sauti safi, kila uzi usikike peke yake. Kwenye sherehe za jando vijana siku hizi wanataka mkwaruzo, wanataka iungurume mpaka kifuani. Iweze yote hayo, na njia yote ya katikati."

"Na mke wa namna hiyo ulimtafuta, ukampata Dorika," Fikirini alisema.

Dukani kulinuka plastiki mpya na panya wa zamani. Redio zilipangwa juu ya mabeseni, mabeseni juu ya magodoro, na vyote vilikuwa na rangi ya kupiga kelele. Katikati ilisimama amplifaya kubwa kama kabati, pembe zake zinang'aa, taa nyekundu na kijani usoni, na maandishi ya dhahabu ya kutangaza wati mia tatu.

"Hiyo hapo!" Walter alisema huku akiipapasa. "Imetoka Dubai, haijaguswa na mtu. Inyanyue uone uzito wake."

Gervas hakuinyanyua. Alichomeka gitaa, akaweka sauti ya chini, akapiga nyuzi sita polepole, moja moja. Zilitoka nyembamba, zimebanwa pua. Akaongeza kidogo tu, na sauti safi ikaanza kupasuka kabla haijafika hata mlangoni. Akabonyeza swichi ya mkwaruzo. Ukatoka mlio wa nzi waliofungiwa kwenye kopo. Akapiga kwa nguvu, akapiga kwa upole, nzi wakawa walewale.

"Amplifaya nzuri inausikiliza mkono," alisema. "Ukiigusa kidogo inanong'ona, ukiichapa inalia. Hii haisikilizi mtu. Debe hili."

"Mchagua jembe si mkulima, Baba Ida."

"Kizuri chajiuza, Walter. Hili mbona unalitembeza sana?"

Aliitikisa kwa bega. Ndani kitu kiligonga. Aliujua mlio huo. Alikuwa ameusikia kwenye magunia miaka kumi na saba. Akaomba bisibisi, na kabla Walter hajajua amjibu nini, Fikirini alikwisha kuiokota kwenye kaunta. Skrubu nne zikatoka, bati la nyuma likafunguka. Nyuma ya wavu mpana kulikuwa na kispika cha redio, kidogo kama kisosi. Chini yake, limefungwa kwa waya na kuvikwa kipande cha gunia la korosho lenye muhuri wa chama, lilikuwa jiwe.

Gervas alilitoa, akaliweka juu ya kaunta. "Dubai na wao wana magunia yetu?"

Alitegemea kuona aibu. Aibu angejua la kuifanyia. Lakini Walter alicheka, akacheka kwa dhati mpaka akafuta machozi. "Sasa nifanyeje? Watu wetu wakinyanyua kitu chepesi wanasema feki. Wanataka uzito, nawapa uzito."

Gervas alitema palepale kwenye sakafu ya duka. Kicheko kile kilimchukiza kuliko jiwe. Mwenye gunia la mawe angalau aliinamisha kichwa.

"Sawa, wewe si wa kuuziwa hiyo," Walter alisema. "Njoo stoo. Fikirini, tukunjie hizo waya."

Stoo, chini ya turubai, kulikuwa na amplifaya ya wastani, nyeusi, imechubuka pembe, haina taa wala dhahabu. Gervas alitazama nyuma kwanza: spika ya inchi kumi na mbili, nzima, na mbao halisi. Akachomeka. Nyuzi sita zikatoka sita, safi kama maji ya kunywa. Akaongeza sauti, na bado zilikuwa sita, kubwa tu. Akazungusha kidogo kifundo cha pili, kile cha mkwaruzo, sauti ikapata chembe ya mchanga pembeni; akasogeza zaidi, ikakwaruza; akakisukuma mpaka mwisho, akachapa, na kifua chake mwenyewe kikatetemeka. Alipolegeza mkono bila kugusa kifundo chochote, ile ngurumo ilishuka, ikasafika tena. Ilimsikiliza. Gervas aligundua kwamba macho yanamuuma.

"Hiyo haiuzwi," Walter alisema taratibu. "Ni ya mtu wangu wa mizani. Wakulima wa Chiwata wanakuamini wewe, mimi wanajua nilikotoka. Simama kwenye mizani yangu, pasua korosho kama zamani. Ila uzione kasoro. Doa dogo, unyevu kidogo. Nusu ya magunia yawe andagredi."

Gervas alijua jibu lake. Alilihisi mdomoni kabisa, tayari kutemwa. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa bado umeshika shingo ya gitaa, na ule mkono haukutaka kuachia. Vidole vikagusa uzi mmoja tena, na Walter, ambaye alikuwa ameendesha mikutano mingi, alijua jibu limepatikana. Akamwita Fikirini aje wasaidiane kubeba.

Siku ya kufungua kituo, asubuhi, mstari ulifika barabarani. Harufu ya mabibo yaliyochacha ilitanda kila mahali. Gervas alipasua, akahukumu. La kwanza, la pili. La kwanza, la pili. Watu walinung'unika, lakini alikuwa Gervas, wakasogea. Kisha magunia matatu yakashushwa mbele yake.

"Shikamoo, Mama Mwanasha."

"Marahaba, baba. Nimefurahi kukukuta wewe. Niliogopa nitawakuta wahuni."

Alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Alipasua korosho kumi, na zote kumi zilikuwa nyeupe, nono, kavu. Hakuwa ameona korosho safi namna ile msimu mzima. Nyuma yake Walter alikohoa.

"Andagredi," Gervas alisema.

Mama Mwanasha alizitazama zile nyeupe kumi mezani. Akamtazama yeye. Kisha akajifunga kanga yake sawasawa. "Akisema Baba Ida," alisema, akaenda kupokea nusu ya haki yake.

Alasiri bendi ilipiga. Amplifaya ilifanya kila kitu ilichoahidi. Ilianza safi, wazee wakatikisa vichwa. Ikapanda, vijana wakaingia. Ikanguruma, na vumbi likapanda mpaka kwenye mapaa. Watu walipiga kelele kwamba Gervas amerudi. Vidole vilikimbia kama vya kijana, naye alivitazama kwa kinyaa, kama vidole vya mtu mwingine alivyovikuta chini ya gunia.

Ndipo Mama Mwanasha alipojitokeza kati ya wachezaji, anacheza polepole, uso umekunjuka. Alifungua pindo la kanga, akatoa noti moja katika zile za asubuhi. Akamfuta Gervas jasho kwa mkono wake mwenyewe, akambandika noti kwenye paji la uso, kama wanavyotuzwa wapigaji wanaopendwa.

"Tulikukosa, mwanangu," alimwambia sikioni.

Gervas aligeuza uso pembeni ateme. Mate hayakuja. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye gitaa na wimbo ulikuwa haujaisha, kwa hiyo noti ilibaki palepale, na watu wote wakaiona.