Kibuyu Nilichompa Golikipa

Kwetu michezo ni mbio, basi. Mama yangu kule Sugoi aliposikia kwamba binti yake mwalimu anashinda uwanjani kila Jumamosi akipigia mpira kelele, aliniuliza kwa huruma kama nilikuwa nimekosa mchumba. Mpira, alisema, ni watu wazima wanaokimbia mchana kutwa na hakuna anayefika. Nilichojua ni kwamba kipenga kikilia, mimi si Madam wa darasa la nne tena. Nilimtukana refa kwa lugha ambazo hata sijui nilizisomea wapi.

Timu yangu ilikuwa ya kiwanda cha sabuni hapa Eldoret. Wachezaji karibu wote walikuwa vijana wa upande wa ziwa, walioletwa mjini na kazi, na mashabiki wao walikuwa wanaume watupu. Mwanzoni walinitazama kama mtu aliyekosea njia ya kanisa. Baadaye wakaanza kuniwekea nafasi kwenye benchi nyuma ya goli, na mtu akiikalia wanamwinua, ati hapo ni pa Madam. Sitadanganya, nafasi ile niliipenda kuliko kiti changu shuleni.

Mwaka huo tulikuwa mkiani, karibu tushuke daraja. Siku moja tukaifunga timu kubwa kutoka Nairobi, na golikipa wetu akaokoa penalti dakika ya mwisho. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka Sugoi na kibuyu cha mursik, maziwa yetu yanayolazwa mpaka yakaiva. Kwetu mkimbiaji akishinda hupokewa kwa maziwa hayo, anywe kabla hajaketi. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Nikateremka uwanjani mbio, nikampa golikipa kibuyu kwa mikono miwili.

Alikunywa kwa adabu mpaka akamaliza. Alipofuta mdomo, kiganja kikatoka na weusi. Ni mkaa tu. Kibuyu husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti, ndiyo utamu wenyewe, hata mtoto wa kwetu anajua. Lakini wenzake walikitazama kile kiganja wakanyamaza, na mimi, kwa furaha niliyokuwa nayo, nikadhani wameguswa.

Jumamosi iliyofuata golikipa yuleyule alifungwa bao la kijinga, mpira ukampita katikati ya miguu. Mtu nyuma yangu akasema kikulacho ki nguoni mwako. Nikacheka pamoja nao. Nilidhani wanamsema beki.

Jumatatu wazee wawili wa mashabiki walinijia shuleni, watoto wakiwa wanakunywa maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, kwenye pakiti. Hayo hakuna aliyeyaogopa! Waliniambia kwa upole kwamba wachezaji wana wasiwasi, kwamba maziwa yale yalikuwa na dawa, na wanaomba nisije kwenye mechi ya mwisho. Nilieleza mkaa, nikaeleza mti, nikaeleza kibuyu. Wakatikisa vichwa. Tumeelewa, Madam, wakasema, lakini usije. Asante ya punda kweli ni mateke. Nililia chooni, halafu nikarudi kufundisha hesabu, na sijui kama nilichofundisha siku hiyo kilikuwa hesabu.

Siku ya mechi nilibaki nyumbani kwangu mtaa wa West Indies nikifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Kutoka hapo uwanja unasikika. Mara moyo wangu ukataka tushinde, mara ukataka tupigwe mabao manne ili wajue si mimi. Nikajikemea, kisha nikataka tena. Kelele zilipolipuka nikajikuta naruka, mikono imejaa povu, nalia na kucheka, na hata jirani aliyechungulia akashindwa anipe pole au hongera.

Jioni golikipa na kapteni walikuja. Tulikuwa tumeshinda, tumebaki kwenye ligi. Waliniletea mche wa sabuni kutoka kiwandani, wakanishukuru kana kwamba mimi ndiye niliyefunga bao. Nikawapa chai. Niliona golikipa anasubiri mpaka ninywe mimi kwanza. Iliniuma, lakini nilikunywa.

Nikauliza, "Na msimu ujao, nije?"

Golikipa akatazama miguu yake. Kapteni akasema, "Madam, tunakupenda sana. Lakini tungeomba ukae nyumbani kidogo kwanza."

Nilitaka kuwatupia ile sabuni. Nilitaka pia wakae zaidi, wanisimulie lile bao tangu mwanzo. Mpaka leo sielewi mtu anawezaje kufukuzwa na watu wanaomwambia ukweli kwamba wanampenda. Nikawauliza tutafungua msimu na nani. Wakanitajia ile timu ya Nakuru iliyokuwa ikitusumbua kila mwaka.

"Sawa, nitabaki nyumbani," nikasema. "Lakini mwambieni beki wa kushoto aache kupanda ovyo. Winga wao ana mbio."